Taksi (kodi) ya ziwa Kivu tunalipa, maboya ya kuonesha njia yako wapi?

Bandugu, niacheni niseme leo. Kila tiketi ya boti ya Bukavu ina hiyo taksi ndani yake, halafu usiku kapiteni anaongozwa na taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo! Taa zenyewe zinahama na samaki. Leo ziko upande wa kisiwa cha Idjwi, kesho ziko mbele ya Minova.

Safari yangu ya mwisho tulipita juu ya nyavu. Alama yake ilikuwa kibidoni (dumu dogo) cha manjano, nusu kimezama, gizani. Kamba ikajizungusha kwenye elisi, ile panga ya moteri inayosukuma boti, moteri ikazimika. Kutia nanga? Huku katikati kina kinapita mita 400. Tukaelea tu na upepo, kijana mmoja amening'inia nyuma na kisu mdomoni, mwenzake anammulikia na simu. Mama wa karibu yangu alikuwa na mtoto, na jile yake (koti la kuelea) haina hata kamba za kufungia. Tulipofika, jua limeshapanda, wa kwanza kutupokea alikuwa mtu wa taksi. Huyo haonagi giza.

Najua mtu atakuja kusema ile meli ya tarehe 3 Oktoba 2024 ilizama mbele ya Kituku, bandari ya Goma, mchana kweupe, na shida ilikuwa kujaza watu. Kweli kabisa. Na ajali ya boti ya 2019 ilituletea amri ya Rais, jile kwa kila abiria. Sawa, lakini jile inavaliwa kwa ajili ya kuanguka majini. Nani anashughulikia tusianguke?

Na maboya si uchawi jamani. Afrika nzima utaratibu ni mmoja: ukiingia bandarini, jekundu linabaki kushoto, kijani kulia. Hapa kapiteni anajifunza kwa kuoneshwa na mkubwa wake: pale kuna jiwe, kule lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 iliingia majini, kaa mbali. Ongeza chupa za plastiki, zile zile zinazoziba mitambo ya umeme ya mto Ruzizi. Wenzetu wa ziwa Victoria wanalia na gugu maji, sisi gugu letu ni chupa.

Ninachotaka ni boya lenye taa kwenye kila bandari, na nyavu zote ziwe na taa ndogo juu ya bidoni. Wakubwa wa ofisi inayohusika, mnasomaga humu. Ile pesa inaenda wapi? Msijibu "tunafuatilia".

Nani mwingine amenaswa kwenye nyavu mwezi huu? Andikeni mahali na saa. Jina la boti acheni, wasije wakatunyima tiketi.