Mjadala: Orodha ya shule bora irudishwe au ibaki kabatini?

Mpiga Zumari (mleta mada): Wakuu, Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne lilitangaza kwamba mambo ya kumi bora basi, si shule wala wanafunzi. Eti hayana tija. Sasa kuna utafiti wa wachumi watatu, Cilliers, Mbiti na Zeitlin. Wamechukua matokeo ya darasa la saba ya shule zote nchini, 2011 hadi 2016, kabla na baada ya kuanza Matokeo Makubwa Sasa, ule mpango wa serikali uliopanga shule kitaifa na ndani ya wilaya. Zilizokuwa zinaburuza mkia wilayani kwao zilipanda. Hakuna aliyepewa bonasi, ni orodha tu. Kwa nini tusirudishe, tena hadi msingi? Karibuni, matusi pembeni.

Chaki Nyeupe: Umesoma nusu ukalala. Utafiti huohuo unasema shule hizo zilipunguza watoto wanaofika darasa la saba. Piga hesabu: watahiniwa 60, wamefaulu 30, hiyo ni asilimia 50. Waondoe wazito 10 kabla ya mtihani, umepata asilimia 60 na hujamfundisha mtu hata herufi moja. Tulio shuleni tunajua inavyokwenda. Mtoto yuko la sita, usajili unakaribia, mzazi anaitwa ofisini, anaambiwa kwa upole: "Mama, huyu akariri mwaka, bado mdogo." Mtoto ana ndevu! Mwakani humkuti darasani, yuko stendi anauza karanga.

Kamongo: Walimu mkiguswa mnakuja mbio. Wengi wenu mliingia ualimu na divisheni four, ufaulu wa mwisho kabisa, baada ya kukosa pa kwenda, ndiyo maana kupimwa kunawawasha.

Chaki Nyeupe: Kamongo, huyo wa divisheni four ndiye aliyekufundisha kusoma, na leo unaandika humu bila kukosea sana. Darasa langu lina watoto 100 na ushee, madawati unayajua. Njoo wiki moja tu ushike chaki.

Mzee wa Busara: Kijana ana hoja kidogo. Matokeo yale ya kidato cha nne ya 2011, asilimia sitini walipata ziro, nani alifundisha?

Bandiko Moja: Mzee, ni mtihani wa 2012, matokeo yakatoka Februari 2013. Waziri Mkuu wa wakati huo, Pinda, akaunda tume, yakapangwa upya. Hayo Matokeo Makubwa Sasa yalikuja mwaka huohuo, moto ukiwa bado unawaka. Orodha ililetwa kwa hasira.

Mzee wa Busara: 2011, 2012, ziro ni ziro.

Mama Wawili: Mwalimu Chaki, nakuheshimu sana. Ila nieleze kitu kimoja: kwa nini sehemu ambayo mwanangu haielewi wiki nzima, anaielewa Jumamosi kwenye tuisheni kwa mwalimu yuleyule? Jumamosi mnameza nini?

Kamongo: 😂😂 Ameuawa mtu humu.

Chaki Nyeupe: Dada yangu, Jumamosi wako 15. Sina zaidi ya hapo cha kujibu.

Ndugu wa Sumbawanga: Mnapigana bure. Kwenye utafiti wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, hapahapa nchini, shule 350, wilaya 10, mwaka 2013 na 2014, baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto. Peke yake haikuinua ujifunzaji. Penye ruzuku na bonasi kwa pamoja, mwalimu akipata 5,000 kwa kila mtoto anayefaulu jaribio la somo lake, watoto walipanda. Mbiti huyohuyo yumo. Vifaa peke yake haviendi, mwalimu lazima awe na sababu.

Kamongo: Kumbe! Mshahara si sababu? Asante kwa ushahidi.

Ndugu wa Sumbawanga: Sikusema hivyo.

Kamongo: Umesema "awe na sababu". Imeandikwa hapo juu.

Bandiko Moja: Jamani, kuna kitu kizito kuliko divisheni za watu. Wales waliacha kuchapisha orodha za shule 2001, England wakaendelea nazo. Mchumi Simon Burgess wa Chuo Kikuu cha Bristol na wenzake wakalinganisha: matokeo ya Wales yalishuka ukilinganisha na ya England, hasa kwenye shule dhaifu. Kwa hiyo kufuta nako kuna gharama. Anayepinga orodha aanzie hapo.

Kamongo: Wales wana watoto 100 darasani?

Mkazi wa Voi: Habari zenu majirani. Huku kwetu Kenya waziri wa elimu Kaimenyi alipiga marufuku hizo orodha 2014. Mnafikiri ilisaidia? Matokeo yakitoka, mwalimu mkuu anabebwa juujuu, nyimbo, kamera, wazazi wanacheza uwanjani. Anayetaka kujua nani wa kwanza anajua kabla ya chakula cha mchana.

Mzee wa Busara: Nyinyi ndiyo mlituletea hizi shule za kubeba watu juujuu.

Mkazi wa Voi: Mzee wangu, shikamoo kwanza. Na hilo nalikataa.

Chaki Nyeupe: Wa Voi kasema kweli. Hata kwetu matokeo ya kila shule yapo mtandaoni, blogu zinapanga zenyewe. Mimi shida yangu si mzazi kuona. Mzazi wa kijijini orodha ile hakuiona kabisa. Aliyeiona ni afisa elimu, naye akaja na pikipiki kumfokea mwalimu mkuu mbele ya wanafunzi. Mwalimu mkuu akishafokewa, njia ya haraka ni ipi? Ndevu za la sita zinaondoka. Mkitaka orodha, hesabuni walioandikishwa darasa la kwanza, si waliokaa kwenye chumba cha mtihani. Hapo nitasaini.

Kamongo: Maneno mengi, divisheni hujaitaja.

Mpiga Zumari: Hoja ya Bandiko kuhusu Wales haijajibiwa na mtu. Na hilo la kuhesabu kuanzia darasa la kwanza, wanaohama shule je?

Mama Wawili: Wanaohama wahame. Mwalimu Chaki, hao 15 wa Jumamosi wamejaa? Au nani anamjua mwalimu wa hesabu maeneo ya Tabata, darasa la sita, asiwe mkali?

Ndugu wa Sumbawanga: Tabata Segerea au Kimanga?

Kamongo: Muulize divisheni kwanza mama.