Boila la kuni la nje: aliyeniambia "linachoma chochote" nimemkumbuka leo saa tisa usiku

Wakuu heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na masizi mpaka puani, kwa hiyo uzi ukikosa mpangilio mtanivumilia, sijalala. Nje ni hasi 24, sebuleni digrii 15, mama watoto kavaa koti ndani ya nyumba na haniongeleshi, na mimi ndio nimetoka kupakia kuni mara ya nne tangu jana jioni kwenye dude ambalo niliapiwa kwamba unapakia asubuhi na jioni basi, katikati hapo ni usingizi.

Kwa wasioyajua haya madude: ni kama kibanda cha bati kinakaa uani, mbali kidogo na nyumba. Ndani kuna tanuru la chuma lililozungukwa na maji, langu linabeba lita 800 na ushee. Unachoma kuni, maji yanapanda mpaka 80 na kitu, pampu inayasukuma kwenye bomba la chini ya ardhi hadi ndani, yanaachia joto kwenye radieta, yanarudi yamepoa, mzunguko unaendelea. Yakifika kiwango ulichoweka thamostati inazima feni na kufunga tundu la hewa, moto unasinzia, yakishuka feni inaamka. Wazo lenyewe zuri, moshi na majivu na hatari ya moto vyote vinabaki nje, hapo sibishani na mtu.

Sasa tuje kwa muuzaji. Huyu bwana nilimuuliza swali moja tu la maana, linataka kuni za aina gani, akanijibu huku anacheka "mkuu hili linachoma chochote, hata mti uliokata asubuhi". Na mimi bwege nikaingizwa mjini mzima mzima. Kiangazi chote, badala ya kupasua na kupanga kuni zipigwe upepo, nakata miti naacha magogo chini, mvua inayanyeshea, mtu akiniuliza namwambia si linachoma chochote.

Baridi ya kweli ilipoingia ndio nikaelewa neno "kuchoma" lina maana nyingi. Nafungua mlango nakuta magogo yamelala juu ya makaa yanalia, ncha zinatoa povu, ssssss, saa nzima, kama yamepelekwa pale kuoga. Kipimajoto kimeganda 58. Feni inapuliza mfululizo, bomba la moshi linatema moshi mzito wa rangi ya maziwa, maji hayapandi hata digrii moja.

Nikanunua kipima unyevu, kile cha sindano mbili. Nikakichomeka kwenye gogo kwa nje kikasoma asilimia 19 ya unyevu, nikaanza kujidai kuni zangu kavu, tatizo ni boila. Kuna mzee jirani ana boila miaka mingi, akanitazama akatingisha kichwa, akachukua shoka akalipasua lile gogo katikati, akasema haya kijana, pima hapo kwenye uso mpya. 38. Niliona aibu jamani. Kuni ya kuchoma inatakiwa iwe chini ya 20, tena ukipima ndani siyo juu juu, na kufika hapo ni mpaka uipasue, uipange juu ya mbao isiguse udongo, uifunike juu tu, ikae mwaka au zaidi, na miti migumu inadai hata miaka 2. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Maana yake kila nikibeba kilo 20 za mti mbichi hivyo usiku natembea kwenye barafu kama bata, kilo 10 ni maji. Nilikuwa mchota maji nikijiona mkata kuni.

Halafu sikilizeni hesabu yenyewe maana watu wanaielewa vibaya, hata mimi nilikosea. Hizo kilo 10 za maji kuzipasha na kuzigeuza mvuke kunakula kama uniti 7 (yaani kilowati-saa), na kuni iliyobaki hapo, kama kilo 10 za mti mtupu, ina kama uniti 50. Unaweza kusema aah, 7 kwenye 50 si mbaya. Balaa siyo hizo 7. Balaa ni kwamba mvuke unapoza tanuru, na zaidi ya nusu ya joto la kuni linatoka kwenye ule moshi wenyewe ukiwaka, na moshi ili uwake vizuri unataka kama digrii 600. Kwenye tanuru lililojaa magogo yanayolia, ambalo kuta zake nyuma zina maji, hizo 600 utazisikia tu. Kwa hiyo moshi unapita hivyo hivyo haujaungua, unaondoka na kuni zako.

Na ambao hauondoki unaganda ukutani. Lami wakuu. Nyeusi, inanata, inanuka mpaka kwenye mto wa kulalia. Jana nimeingiza mkono na kikwangulio mpaka begani, sehemu nyingine inang'aa kama kioo cheusi, ukigonga inakatika vipande, sehemu nyingine ni uji unachuruzika mpaka kizingiti cha mlango, mlango wenyewe unang'ang'ania ukifunga mpaka uuvute kwa mguu. Fundi aliyenifungia hakuniambia kwamba maji yanayorudi kutoka nyumbani yakiingia boilani chini ya 60, moshi unatoka jasho kwenye chuma cha baridi, na hilo jasho lina asidi, linatafuna chuma polepole ukiwa umelala. Kuna valvu ndogo tu ya kuchanganya, inachukua maji ya moto kidogo inayaingiza kwenye yale yanayorudi mpaka yapande. Sikufungiwa! Yangu yanarudi 45 mpaka 50, sasa hivi ninavyoandika.

Na nyusi je? Ya kushoto imekwenda. Moto ulikuwa umesinzia, tanuru limejaa moshi wa moto usio na hewa, mimi nikauvuta mlango wote kwa mkupuo maana nilikuwa naganda. Hewa ikaingia, likasema BUUM, ulimi wa moto ukanipitia usoni. Kwa hiyo wewe unayesoma na unalo, fungua mlango kidogo kama kidole hivi, simama pembeni, hesabu pole pole, moshi upande juu kwenye bomba ndio ufungue wote. Hili lilitakiwa liandikwe pale mlangoni kwa herufi kubwa, kwenye langu kuna stika ya picha ya familia inatabasamu.

Na ukubwa. Aliniuzia kubwa kuliko nyumba, "kubwa halikuangushi". Matokeo yake siku zisizo na baridi kali, tuseme nje digrii 5, lile dude linafikisha joto mara moja halafu linasinzia saa 3, saa 4, limebanwa pumzi, linafuka. Siku hizo ndio linatengeneza lami kuliko zote na moshi unatambaa chini unaingia kwa mzee. Alikuja siku moja kiungwana kabisa, akaniambia mwanangu, nguo zetu zinanuka. Sikuwa na jibu. Marekani huko serikali kuu iliweka kanuni ya moshi wa maboila mapya ya aina hii mwaka 2015 na mwaka 2020 ikaikaza zaidi, na kwa nilivyofuka mimi mwezi wa kwanza siwashangai. Siku hizi kukiwa na joto joto napakia kidogo, vipande vyembamba vya kutosha saa chache, siyo kulijaza mpaka mdomoni kama alivyonifundisha yule bwana.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonifanya nifungue uzi ni bomba.

Juzi theluji imeanguka usiku kucha. Asubuhi nachungulia dirishani, uani kote kweupe pee, isipokuwa mstari mmoja, mpana kama mlango, umenyooka kutoka boilani mpaka ukutani kwangu. Udongo mweusi, unafuka mvuke. Na katikati yake paka kalala chali.

Nilisimama pale dirishani kama dakika 5 hivi sisemi kitu. Halafu nikachukua vipimajoto viwili, kimoja nikafunga kwenye bomba pale linapotoka boilani, kingine pale linapoingia ndani. Kule 80. Huku 74. Digrii 6 zimepotelea njiani, na hapo ni safari ya kwenda tu! Pampu yangu inasukuma kama lita 20 kwa dakika, piga hesabu inakuja zaidi ya kilowati 8, usiku na mchana, zinapasha minyoo. Kwa siku ni uniti 200. Kilo moja ya kuni kavu ina kama uniti 4, kwa hiyo kilo 50 kila siku nazikata, nazipasua, nazibeba, naziwasha kwa ajili ya paka. Na hapo nimehesabu kama vile boila halipotezi chochote, ukweli ni zaidi. Bomba zuri lisingepoteza hata digrii moja kwa umbali ule.

Nikafukua pale karibu na ukuta ambapo udongo umelainika (ahsante bomba). Nikakuta nini? Mabomba mawili, la kwenda na la kurudi, yamefungwa pamoja yamegusana, yanapeana joto yenyewe kwa yenyewe, yamezungushiwa kisponji chembamba kama cha kufungia vyombo, yakatumbukizwa ndani ya bomba pana la plastiki la mikunjo mikunjo. Na hilo bomba pana limejaa maji. Ya uvuguvugu. Nilitia mkono, ungeweza kuoga. Sponji likishalowa halizuii kitu, ni sawa na kuzamisha bomba mtoni. Yule fundi alinipiga picha amesimama kwenye mtaro kanyoosha dole gumba, "kazi safi bosi". Mungu anamwona.

Umeme nao ulikatika wiki iliyopita, nisiseme sana. Feni imezima, pampu imezima, boila nje lina maji ya 80 na ndani tunatetemeka, yaani una chakula mezani na mikono imefungwa. Kona ya bomba inapotoka ardhini kabla ya kuingia ukutani ikaanza kuganda, nikakaa nayo na taulo na maji ya moto ya birika kama namuuguza mtu. Pampu inakula wati 90 tu. Betri moja ya 12V ya 100Ah na inveta ingeniendesha saa 6 hivi bila kuiua betri. Nishaagiza. Kuna aliyenishauri niweke dawa ya kuzuia kuganda kwenye lita 800 zote, mkuu nakuheshimu lakini hapana, na maji yenye dawa hayabebi joto kama maji matupu. Kwanza hata dawa ya kutu hakuna aliyenitilia, nimefungua bomba la kutolea yametoka rangi ya matofali.

Mtasema mbona hukusoma kabla ya kununua. Sawa, pigeni. Nastahili kwenye kuni. Kwenye bomba sistahili, pale nililipa fundi ili mimi nisijue.

Ninachoomba ni msaada kwa wenye uzoefu, na tafadhali siyo wale wa "uza nunua la gesi". Kuni kavu nimepata, mzee kaniachia za kwake za miaka 2, zinasoma 17, na tangu niziweke jana mchana lami imeanza kukauka na moshi umepungua mpaka huuoni, kwa hiyo tanuru si baya. Valvu ya kuchanganya nimeipata, nafunga kesho. Tatizo ni bomba. Ardhi imeganda, sululu inadunda kama unapiga zege, mtaro mpya ni mpaka barafu iyeyuke. Nawaza nivute bomba jipya juu ya ardhi kwa muda, lile lililojazwa sponji gumu kiwandani lisiloingiza maji, nilifunike marobota ya majani makavu na turubai juu. Kuna aliyewahi kuvusha baridi hivyo? Likatikia wapi, kwenye kona au kwenye maungio? Na pampu niiache pale boilani chini au niihamishie ndani?

Nitajibu baadaye, kipimajoto kimeshuka 63, natoka. Paka bado yupo pale pale.