Fundi kachomelea mauntingi ya shokapu kwenye WRX yangu, halafu ananiambia "hizi gari ndivyo zilivyo"

Wakuu, mnivumilie, leo nina hasira.

Nina Subaru Impreza WRX ya 2004. Shokapu za nyuma ni nzima, ila mauntingi zake, zile raba za juu, zilipasuka. Aliyezoea barabara ya Morogoro, na matuta ya Kibaigwa na Gairo, hatashangaa. Nikaagiza mpya Dar, orijino, zikaja na basi, nikazipokea stendi ya Nanenane. Nikazipeleka gereji moja hapa Dodoma. Jina siliweki, bado nawadai.

Kazi yenyewe si ya kutisha. Unatoa kiti cha nyuma, unakuta nati tatu kila upande zimeshika mauntingi kwenye bodi. Chini kuna bolti mbili kubwa. Unashusha shokapu pamoja na springi, unaibana springi kwa kibanio chake, unafungua nati ya katikati, unabadilisha, unarudisha. Zile nati tatu za juu ni ndogo, nguvu ya kuzikazia ni Nm 20 tu, yaani kidogo. Hapo ni spana ya mkono na ustaarabu kidogo. Wao wakazipiga mashine ya upepo, stadi moja ya kushoto (ile bolti ya mauntingi inayoshika nati) ikakatika.

Kukatika, sawa, chuma ni chuma. Nipigie simu, niambie "bosi, imekatika, tuagize nyingine". Hapana! Wakaingiza mashine ya kuchomelea ndani ya gari, wakakichomelea kile kisiki cha stadi moja kwa moja kwenye bodi. Na tangi la mafuta la Impreza liko chini ya kiti hichohicho. Betri sidhani hata waliigusa, maana redio nimeikuta na stesheni zangu zote kama nilivyoziacha.

Haya yote hakuna aliyeniambia. Nimelipa laki na nusu ya ufundi, nikaondoka. Kufika Kisasa, nyuma kushoto: ko! ko! Nikirudi kwa fundi ananijibu huku anakula mihogo: "Bosi, hii gari ya mashindano, lazima iwe ngumu." Siku nyingine: "Raba mpya hiyo, haijakaa, itembelee kwanza." Ngumu na kugonga ni vitu viwili tofauti. Gari ngumu inakurusha kwenye tuta halafu inatulia. Hii inagonga hata kwenye rasta nikienda mwendo wa bajaji.

Ndiyo nikanyanyua kiti mwenyewe. Donge la weldi limekaa pale kama kinyesi cha mbuzi, rangi ya bodi imebabuka, kitambaa cha kiti kina matundu ya cheche. Mauntingi ni bati na raba vilivyogandishwa pamoja kiwandani, ukilipika bati raba inaungua. Nimeigusa kwa chini, inanata kidoleni. Raba mpya kabisa! Na kwa kuwa imeshaunganishwa na bodi, kuitoa sasa lazima grainda, kisha kunyoosha bati na kupiga rangi, la sivyo kutu inaanzia hapo.

Kijana wa palepale kaniambia pembeni kwamba springi waliibana kwa waya. Waya, jamani! Springi ile ikichomoka inaondoka na taya la mtu. Na bushi za mikono ya nyuma, yaani raba za kwenye maungio yake, ambazo nilisema zikazwe gari ikiwa imesimama chini kwa matairi yake, zimekazwa ikiwa inaning'inia kwenye jeki. Maana yake raba zimejikunja muda wote gari ikitembea, zitachanika mapema.

Mke wangu anasema niiuze nipande SGR kama watu wengine. Siuzi.

Kinachoniudhi si kosa, ni hilo jibu la "ndivyo zilivyo". Kila fundi akiharibu Subaru, kosa linakuwa la Subaru.

Ninachodai kwao: mauntingi ya kushoto mpya, bati lirudishwe, na kiti kishonwe. Wakikataa napeleka malalamiko rasmi, picha ninazo.

Sasa swali kwa wadau wa Dodoma: nani anamjua fundi mwenye kibanio cha springi na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, tena anavitumia? Iwe Kizota, Chang'ombe, hata Ihumwa nitafika. Kama una gereji na toki renchi huna, uzi huu upite tu.