Naomba ushauri: kulinganisha ujazo wa biashara ya mbao laini, Tanzania na Kenya

Mdau_wa_Misitu: Wakuu, habari za muda huu. Nipo kwenye utafiti wa shahada ya uzamili. Nalinganisha biashara ya mbao laini (paini na saiprasi) ya Tanzania na Kenya, 2010 hadi 2024. Takwimu nimezitoa kwenye hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa, msimbo wa forodha 440710. Miaka ya mwanzo safi kabisa, lakini baada ya 2017 mistari ya grafu ya nchi zote mbili imelala kwenye sifuri. Msimamizi anataka nieleze sababu. Wenzangu wanasema ni ile marufuku ya Kenya ya kukata miti. Nishike hapo?

Karani_Mstaafu: Usishike hapo mkuu. Kilichokufa ni msimbo, biashara ipo. Toleo la 2017 la misimbo ya forodha liliigawa 440710 vipande vitatu: 440711 ni paini, 440712 ni miti ya baridi ya fir na spruce, 440719 ni mbao laini nyingine, na saiprasi yako imo humo. Jumlisha vyote vitatu, mstari utarudi.

Nyeri_Boy: Na hiyo marufuku ilitangazwa Februari 2018, kwa siku 90, kisha ikawa inaongezwa tu. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa, mahakama nayo ikaingilia. Ilihusu misitu ya umma na ya jamii. Mwenye shamba lake aliendelea kukata. Hata hivyo, ukikosa mbao nyumbani unaagiza nje, kwa hivyo manunuzi ya Kenya yalipaswa kupanda. Anguko la nchi zote mbili kwa pamoja halina mantiki.

Kitu kingine: Kenya ilikuwa na marufuku nyingine tangu 1999, iliyodumu zaidi ya miaka kumi. 2010 imo ndani yake. Ukiufanya kuwa mwaka wa msingi, unapima kila kitu kwa mwaka ambao haukuwa wa kawaida.

Fundi_Mafinga: Wasomi mnahesabu makaratasi. Huku Mufindi tunauza kwa vipande. Mbao ya inchi 2 kwa 4 ya futi 12, vipande 53 ni mita moja ya ujazo, kama vipimo ni kamili. Lakini mbao ya dingidongi (mashine ndogo ya kupasulia mbao inayohamishika) mara nyingi unene ni inchi moja na robo tatu. Hapo unahitaji vipande 60 na ushee. Ukikuta mita za ujazo kwenye fomu, jiulize zimepigwa kwa kipimo kipi.

Mdau_wa_Misitu: Nashukuru sana wakuu. Swali la mwisho: Tanzania inasema imeuza kiasi fulani Kenya, Kenya inasema imepokea kiasi tofauti. Nimwamini nani?

Karani_Mstaafu: Chora zote mbili. Kwa kawaida nchi inayopokea huandika kwa makini zaidi, maana kuna kodi ya kukusanya. Ila mzigo wa njia za panya hauonekani kokote, na nguzo zina msimbo wake wa forodha, 4403, usizichanganye na mbao. Na pale palipo na kilo tu bila mita za ujazo, usigeuze kilo za miaka yote kuwa ujazo kwa kugawa kwa namba moja: paini mbichi inaweza kuwa na uzito karibu mara mbili ya iliyokauka.

Fundi_Mafinga: Na nyingi zinapakiwa mbichi. Mteja wa Nairobi hasubiri.