Naomba ushauri: mwanangu ni mtoto wa geti kali

Wakuu, mimi nimekulia Manzese, daladala nimegombania tangu darasa la tatu. Mungu kajalia, sasa tunaishi Mbezi Beach, na basi la shule linamfuata kijana wangu getini. Ana miaka 13. Juzi nikamtuma chumvi duka la jirani, akarudi mikono mitupu: eti aliona aibu kumwita muuzaji kupitia dirisha la nondo! Nilicheka, usiku sikulala.

Likizo nataka nimpeleke kwa bibi yake Kibosho, akakate majani ya ng'ombe. Mama yake anasema namtesa mtoto. Mliolea watoto wa namna hii, mlianzaje? Mwezi mzima kijijini, au kwanza nimzoeshe kupanda daladala mpaka Mwenge?