Kikundi cha Familia: Kupanda Dunn's River

Mama Salma: Shikamooni wakubwa. Ratiba ya Jamaika imekamilika, siku ya pili tunakwenda maporomoko ya Dunn's River, mji wa Ocho Rios. Salma ana miaka sita. Apande au abaki na Bibi?

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Apande, ila kwa mpangilio. Kutoka ufukweni mpaka juu ni kama mita 180 za kutembea, lakini kimo ni mita 55 hivi. Maji yanashuka kwa vidaraja kama ngazi, hakuna ukuta mmoja wa kuparamia. Mnaanzia chini mto unapoingia baharini. Kundi lenye watoto lihesabu muda wa saa moja mpaka saa moja na nusu.

Idi: Shikamoo mjomba. Ndala za mpira zinafaa?

Mjomba Hamisi: Marahaba. Hapana kabisa. Maji yanaingia kati ya unyayo na soli, kwa hiyo mguu unateleza ndani ya ndala hata kama ndala yenyewe imeshika jiwe. Halafu mkondo unaichukua. Tafuta viatu vya maji, vya kufunika vidole, soli laini ya mpira. Kivae, mwambie mtu akivute kisigino. Kikichomoka kikiwa kikavu, majini hakitakaa, maana kikilowa kinalegea zaidi. Vya watoto vinunuliwe na kujaribiwa kabla ya safari.

Idi: Na jiwe lenyewe linateleza sana?

Shangazi Zuhura: Inategemea unakanyaga wapi, na hapa naomba wote msome. Mawe yale yamejengwa na maji yenyewe. Maji ya chemchemi yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Yakipigwapigwa kwenye vidaraja, hewa ya ukaa inayatoka na chokaa inaganda, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana penye maji yanayokwenda mara nyingi jiwe lina mkwaruzo kama msasa. Utelezi uko penye mwani: pembeni, penye maji mepesi na jua, rangi ya kijani inayong'aa. Watu wengi hukimbilia hapo kwa kuwa maji yametulia, wakaanguka hapo hapo.

Shangazi Zuhura: Kanyaga kwa wayo mzima, si kwa ncha za vidole. Magoti yakunjwe kidogo. Papasa kwa mguu kwanza, ndipo uhamishe uzito. Penye mwinuko mkali tumia mikono: viungo vitatu vimeshika, kimoja tu kinasogea.

Mama Salma: Nimeona picha wameshikana mikono mstari mrefu. Ni lazima?

Mjomba Hamisi: Ndivyo waongozaji wa pale wanavyopandisha makundi, na kwenye sehemu pana husaidia sana. Ila shikaneni vifundo vya mikono, kila mmoja akamate cha mwenzake. Vidole vikilowa vinachomoka. Na mtu akianguka, wa jirani achuchumae palepale badala ya kumvuta kwa nguvu akiwa wima, la sivyo mstari mzima unafuatana naye. Penye mwinuko wa kutumia mikono, achianeni, mpande mmojammoja.

Mama Salma: Salma akae wapi?

Mjomba Hamisi: Katikati ya watu wazima wawili. Aliye nyuma yake awe mwenye nguvu zaidi, kwa sababu mtoto akiteleza huenda chini, si juu. Maji yanayokufika wewe gotini yanamfika yeye karibu na kiuno, na hapo mkondo unamwondoa. Kwa hiyo njia ichaguliwe kwa kimo chake, si chenu. Mvalisheni jaketi la kuelea linalomtosha.

Idi: Kwenye yale madimbwi si tunaweza kuruka?

Shangazi Zuhura: Usiruke. Mapovu yanaficha kina na mawe. Na ukichukuliwa na maji, lala chali, miguu mbele, vidole juu ya maji. Usijaribu kusimama penye mkondo mkali. Mguu ukinasa kati ya mawe, maji yanakulaza kifudifudi.

Bibi: Mimi magoti haya hayapandi maji.

Shangazi Zuhura: Shikamoo mama. Kuna ngazi kavu kando ya maporomoko toka chini mpaka juu. Unapanda taratibu, unawaona. Hata wao wakimaliza washukie hizo hizo. Kushuka ndani ya maji ni hatari kuliko kupanda, maana mguu unatangulia na macho hayaoni unapokwenda.

Bibi: Marahaba. Basi mizigo nibebe mimi.

Shangazi Zuhura: Simu na pete pia akabidhiwe Bibi. Maji yana baridi, vidole vinasinyaa, pete inatoka bila mtu kujua. Miwani ifungwe kamba. Watoto wavae fulana za kuogelea za mikono mirefu badala ya kupakwa losheni nyingi ya kukinga jua. Viganja vyenye mafuta havishiki jiwe.

Mama Salma: Mvua ikinyesha?

Mjomba Hamisi: Angalia mto, si mawingu ya juu yako tu. Mvua inaweza kunyesha mbali, mto unakotoka, na maji yake yakakufikia huku jua linawaka. Maji yakibadilika kuwa ya tope, yakaanza kuleta majani na vijiti, au mlio ukazidi, tokeni pembeni mara moja mpande ngazi. Msingoje mwongozaji aseme.

Mama Salma: Sawa. Mstari wetu basi: mwongozaji, Idi, mimi, Salma, baba yake nyuma.

Mjomba Hamisi: Vizuri. Idi aende asubuhi na mapema kukata tiketi. Meli za watalii zikitia nanga Ocho Rios, mistari hukwama katikati ya maji, na mtoto akisimama hapo muda mrefu anaanza kutetemeka. Akitetemeka, mtoeni.