Watu huhama kwa umaskini tu? Na wageni huibadilishaje nchi?

Msaka_Jibu
Habari zenu wanajamvi. Jana nimebishana na rafiki yangu mpaka sauti zikapanda. Yeye anasema mtu akihama nchi ni njaa imemtoa, basi; na akifika huko ama anameza tabia za wenyeji, ama anabaki mgeni maisha yake yote. Naona kuna kitu anakiruka, ila hoja ya kumjibu sikuwa nayo. Wajuzi wa historia, nini hasa huwatoa watu kwao? Na nchi inayowapokea hubadilika kweli?

Kipanga_77
Mkuu, njaa ipo. Ireland viazi vilianza kuoza 1845, watu kama milioni moja wakafa na wengine wengi zaidi wakavuka bahari. Lakini fukara wa kutupwa mara nyingi havuki mpaka, nauli ataitoa wapi? Anayefika mbali ni mwenye kidogo cha kuanzia na ndugu aliyetangulia wa kumpokea. Halafu kuna vita. Msyria aliyekimbia mabomu hakuwa anatafuta mshahara.

Mwl_Historia
Kipanga amegusa penyewe, ila kuna kundi kubwa mmelisahau: walioitwa. Nimelifundisha somo hili miaka mingi na bado linanichoma.

Tazameni Ujerumani Magharibi. Viwanda vilikosa watu, serikali ikasaini mkataba na Italia 1955, kisha na Uturuki tarehe 30 Oktoba 1961. Kule Istanbul kulikuwa na ofisi ya Wajerumani ya kuchagua wafanyakazi. Waombaji walipangwa foleni wamevua nguo, daktari akapita akiwafumbua vinywa kukagua meno. Aliyefaulu alipanda treni, safari ya zaidi ya siku mbili hadi mji wa München, Ujerumani, akashukia jukwaa namba 11. Chini ya jukwaa hilo kulikuwa na handaki lililobaki tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Humo ndimo walimopewa chakula na kuambiwa nani anaenda kiwanda gani.

Mpango ulikuwa Mturuki afanye kazi miaka 2, arudi kwao, aje mwingine. Walioukataa ni waajiri wenyewe. Nani amfundishe mtu mashine mpaka aizoee, kisha amwache aende? Mwaka 1964 kikomo hicho kikaondolewa.

Mwaka huohuo, Septemba, seremala Mreno aitwaye Armando Rodrigues de Sá alishuka mji wa Köln, Ujerumani, akaambiwa yeye ndiye mfanyakazi wa milioni moja kutoka nje. Alipigiwa muziki, akapewa pikipiki ndogo ambayo leo imewekwa makumbusho huko Bonn. Baadaye aliugua, akarudi Ureno, akamaliza akiba yake yote kwa matibabu bila kujua kwamba alikuwa na haki ya kulipwa na bima ya kule alikotoa jasho. Alifariki 1979. Picha ya pikipiki imo vitabuni. Habari ya bima wanafunzi wangu hawajawahi kuikuta humo.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo litakalomjibu rafiki yako. Kati ya 1955 na 1973 waliingia watu karibu milioni 14, na karibu milioni 11 wakarudi makwao. Wengi walikuwa wanakwenda na kurudi. Novemba 1973, bei ya mafuta ilipopanda, serikali ikasimamisha kuajiri kutoka nje ikitarajia wageni wapungue. Mturuki akapiga hesabu: nikitoka leo, sitaruhusiwa kuingia tena. Akabaki, akamwita mke na watoto. Mlango uliofungwa ndio uliowafanya wakazi.

Msaka_Jibu
Duh, hilo la mlango sikulijua kabisa. Shukrani mwalimu. Na kubadilika kwa nchi?

Kipanga_77
Hapo jibu ni jepesi. Uğur Şahin aliingia Ujerumani akiwa na miaka 4, baba yake akifanya kazi kiwanda cha Ford, Köln. Yeye na mkewe Özlem Türeci, mtoto wa daktari Mturuki, ni miongoni mwa waanzilishi wa BioNTech, kampuni iliyotoa chanjo ya korona 2020.

Mwl_Historia
Ni kweli, na ninawaheshimu sana. Ila siupendi mfano huo ukisimama peke yake, kana kwamba mgeni ni lazima aokoe dunia ndipo astahili kukaa.

Mimi naanzia kiwandani. Sheria ya 1972 iliwaruhusu hata Waturuki kugombea nafasi kwenye mabaraza ya wafanyakazi, yaani wawakilishi wanaochaguliwa na wafanyakazi wa kiwanda, wakati kura ya kuchagua wabunge hawakuwa nayo. Agosti 1973, hapohapo Ford, Waturuki waligoma baada ya wenzao kama 300 kufukuzwa kwa kuchelewa kurudi likizo. Walidai wenzao warudishwe, kasi ya mashine ipunguzwe na mshahara uongezwe. Mgomo ulivunjwa kwa nguvu, wengi wakapoteza kazi. Lakini tangu hapo vyama vya wafanyakazi havikuweza tena kuwachukulia kama wapita njia.

Uraia ndio uliochelewa. Hadi 1999 mtoto aliyezaliwa Köln na wazazi Waturuki alihesabiwa Mturuki, hata kama Uturuki hajawahi kuiona. Sheria mpya ilianza 1 Januari 2000: aliyezaliwa pale, mzazi wake mmoja akiwa ameishi kihalali miaka 8 na ana kibali cha kudumu, akawa raia (miaka hiyo ilipunguzwa kuwa 5 mwaka 2024). Watu wa mkataba wa 1961 wakati huo walikuwa tayari wanalea wajukuu.